Yoshida avue kofia moja?

Kwenye utengenezaji wa magemu, mtayarishaji hushika fedha na kalenda, mwongozaji hushika mchezo wenyewe, na kuvutana kwao ni sehemu ya kazi. Naoki Yoshida wa kampuni ya magemu ya Square Enix amevaa kofia zote mbili kwenye Final Fantasy XIV tangu Desemba 2010. Kwa hiyo mwongozaji akitaka miezi zaidi, anayepaswa kumkatalia ni yeye mwenyewe.

Wanaomtetea wana hoja nzito. Gemu hiyo ya mtandaoni ilitoka Septemba 2010 ikiwa mbovu kiasi kwamba kampuni iliomba radhi, ikaacha kutoza ada ya mwezi kwa muda, na ikampa yeye mradi. Mwaka 2014, kwenye mkutano wa watengenezaji magemu San Francisco, Yoshida alitoa mfano wa chungu cha maua: pambo tu, lakini kilikuwa na poligoni (vipande vidogo bapa vinavyounda umbo la kompyuta) kama 1,000, sawa na mwili mzima wa mhusika unayemchezesha. Vyungu vya namna hiyo vikijaa mtaani, ni wachezaji wangapi watatosha kuonekana kwenye skrini moja? Uzuri ulikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kusema basi.

Yeye alisema basi. Timu yake iliendelea kukarabati gemu ya zamani huku ikijenga mpya pembeni, uamuzi ambao mwongozaji wa kawaida angeuombea kibali kwa wakubwa hadi achoke. Novemba 2012 mwezi wa angani uitwao Dalamud uliangushwa juu ya ulimwengu wa gemu, joka Bahamut likatoka ndani yake na kuteketeza kila kitu, kisha seva zikazimwa. Agosti 2013 ikaja ile gemu mpya, A Realm Reborn, na hadithi yake inaanzia kwenye maangamizi hayohayo. Ni mara chache kampuni kubwa huzika bidhaa yake mbele ya wateja namna hii, halafu wateja wakarudi.

Ila dawa ya dharura imegeuka chakula cha kila siku. Tangu 2013 masasisho yanafuata mpangilio uleule, na mchezaji mzoefu anaweza kukutajia kitakachokuja kabla hakijatangazwa. Dawntrail, nyongeza kubwa ya gemu hiyo, ilipotoka 2024, walalamikaji wengi walikuwa wafuasi wa miaka mingi, si wapita njia. Si kwamba Yoshida hajui kuvunja ratiba: Endwalker, nyongeza iliyoitangulia, aliichelewesha wiki mbili mwaka 2021, akaomba radhi hewani huku machozi yakimtoka. Lakini wiki mbili zinatosha kunyoosha kazi, hazitoshi kubadili umbo lake.

Kwangu, Final Fantasy XVI ya 2023, gemu nyingine ya mfululizo huo, ndiyo inayosema zaidi. Humo alibaki mtayarishaji, uongozaji akauacha kwa Hiroshi Takai, na gemu ikathubutu kuingia kwenye mapigano ya kasi na hadithi ya watu wazima. Ina sehemu zinazopwaya, sawa, ila hakuna anayeweza kusema ilifuata kalenda ya mtu.

Ndiyo maana naona kiti cha mwongozaji wa XIV kimfikie mtu mwingine, naye abaki na fedha na matangazo yale marefu ya moja kwa moja ambako wachezaji wamezoea kumuuliza yeye. Ugumu uko hapo: huyo mrithi atalazimika kuaminika na watu ambao kwa zaidi ya muongo mmoja wamemwamini Yoshida kuliko kampuni inayomwajiri.