Anayeuliza Hesabu za Nyumba ya Urithi Amekosa Adabu?

Tuseme mzee amefariki Kibokoni, Mombasa, ameacha mke, wana wawili wa kiume, mabinti watatu na nyumba moja yenye vyumba vya kupangisha. Matanga yameanuliwa, arubaini imesomwa, na ndugu wa marehemu, ambaye wote wanamwita ami, anaendelea kukusanya kodi mpaka mambo yatulie. Miaka inakatika. Siku moja yule kijana wa pili, ambaye sasa ana mke na watoto wake, anauliza mbele ya jamaa: kodi inaingia kiasi gani, na inakwenda wapi? Jibu analopewa halina tarakimu hata moja. Anaambiwa kwamba bado hajapevuka.

Kisa hiki nimekitunga, lakini kaa kwenye viti vya kahawa, Makadara au Majengo, utakisikia kwa majina tofauti. Na kila kinaposimuliwa, baraza hugawanyika. Wako wanaosema mtu mzima hunyamaza ili ukoo usivunjike. Wako wanaosema mtu mzima ndiye huyo aliyeuliza.

Wa kwanza wana hoja nzito kuliko vijana wanavyodhani. Nyumba ya urithi ni kimbilio. Binti akiachika anarudi hapo. Kijana aliyekwenda Ghuba na kurudi mikono mitupu anapata pa kulala. Mjane anakaa eda yake, miezi minne na siku kumi, bila mtu kumgongea mlango kumwuliza bei. Kugawanya haraka aghalabu maana yake ni kuuza, kwa sababu chumba hakikatwi kwa msumeno, na pesa ya kuuza ikishapita kwenye mikono sita huwa imeondoka kabla Ramadhani nyingine haijafika. Kisha kuna fedheha. Ndugu waliofikishana kwa Kadhi wanaweza kupata haki zao zote na bado wakapishana msikitini bila salamu kwa miaka.

Tena mkubwa ni jalala. Paa likivuja, ni ami. Mpangaji akihama usiku na kodi ya miezi miwili, ni ami. Na kwa nyumba nyingi za Mombasa zilizojengwa juu ya ardhi ya mwingine, kuna kodi ya kiwanja ambayo lazima mtu fulani akumbuke kuilipa. Wengi wanaodai hesabu hawajawahi hata kupanda ngazi kuangalia bati lililotoboka. Hilo ni kweli, na linauma.

Lakini ukimya huu una gharama, na gharama yenyewe inahesabika. Chukua nyumba ile ile, tuseme inaingiza shilingi 40,000 kwa mwezi baada ya matumizi. Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu, ikiwa wazazi wa marehemu walishatangulia, mke anapata thumuni, yaani 5,000. Saba zilizobaki kati ya nane wanagawana watoto, mwanamume fungu la wanawake wawili: kila binti 5,000, kila mwana wa kiume 10,000. Ami hana fungu, kwa kuwa mtoto wa kiume humzuia ndugu wa marehemu. Hesabu yote inaenea kwenye nyuma ya bahasha.

Iache miaka ishirini. Mama anafariki, fungu lake linawashukia warithi wake. Mwana mmoja anafariki, ana wake wawili. Sasa kuna urithi juu ya urithi, sehemu ndogo ndogo za sehemu, na wajukuu wasiojuana kwa sura. Aliyenyamaza kwa ajili ya umoja amewaachia watoto wake ugomvi mkubwa kuliko ule alioukwepa. Na gharama hiyo haiwaangukii wote sawa. Mabinti ndio hunyamazishwa kwanza, kwa maneno ambayo kila mwanamke wa pwani ameyasikia: wewe umeolewa, mumeo anakulisha.

Upande wa sheria, jambo la utu uzima halikuachwa wazi kama linavyochukuliwa barazani. Katiba ya Kenya ya 2010 inamhesabu mtu mzima kuwa aliyetimiza miaka 18, basi, haijali kama ana busara au hana. Fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, ni makini zaidi. Kubaleghe kunamtwika mtu sala na saumu, lakini mali inahitaji jambo la pili, rushdi, yaani uwezo wa kuitunza na kuitumia ipasavyo. Imamu Abu Hanifa, mwasisi wa madhehebu ya Hanafi, aliona akifika miaka 25 apewe mali yake hata kama uwezo huo haujaonekana. Shafi, ambaye madhehebu yake ndiyo yametamalaki pwani yetu, hakuweka umri: bila rushdi hapewi, hata awe na mvi. Wazee hupenda nusu moja ya hukumu hiyo. Nusu ya pili ni kwamba mvi zenyewe, basi, si ushahidi.

Chanzo cha yote haya ni aya ya sita ya Suratun-Nisaa, inayotangulia aya za mirathi kwa hatua chache tu. Inahusu mayatima, naye kijana wetu mwenye mke si yatima mdogo, lakini mpangilio wake unafundisha. Kwanza, wajaribuni. Wakionekana wana uwezo, wapeni mali yao. Msiile kwa pupa mkihofia kwamba watakua. Mlezi tajiri ajizuie, maskini ale kwa kiasi kinachofaa. Na siku ya kukabidhi, wekeni mashahidi. Mashahidi! Ikiwa mlezi mwema anaamrishwa kukabidhi mbele ya watu, kuomba hesabu kunakuwaje tusi?

Hapo ndipo ninapoegemea upande wa aliyeuliza. Tunalalamika kwamba vijana wetu hawajapevuka, lakini hatuwapi chochote cha kuwajaribia. Mtu wa miaka thelathini na mitano hajawahi kukabidhiwa hata stakabadhi ya maji, kisha tunashangaa kwamba hajui ya nyumba. Na mtindo huu hauishii kwenye ukoo. Juni 2024, vijana walipotoka barabarani kupinga Mswada wa Fedha, Mombasa ikiwemo, wapo wakubwa waliowajibu kwa somo la adabu. Waliuliza pesa, wakajibiwa heshima. Damu ilimwagika kabla Rais hajakataa kuutia saini mswada huo tarehe 26.

Hata hivyo, anayeuliza naye ajaribiwe. Wako wanaotaka fungu lao leo ili kesho liwe pikipiki na keshokutwa muguka, yale majani ya kulevya yanayotafunwa. Wako wanaomvua ami nguo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo kabla hawajamwendea nyumbani kwake baada ya alasiri, wawili au watatu, na salamu kamili. Huyo hajatafuta hesabu, ametafuta hadhira. Ningemwona mpevu kijana anayekuja na swali la kodi mkono mmoja na mchango wa bati mkono wa pili. Na ningemwona mpevu ami anayesema: chukua vyumba viwili hivi, kusanya kodi yake mwaka mzima, andika kila senti, tutalifungua daftari mbele ya wote. Ujira wake yeye kwa miaka ya jalala uandikwe humo humo, ujadiliwe kama tarakimu na si kama hisani.

Ila majaribio yenyewe yasianzie kwa wanaume tu. Mitaani kwetu wako wanawake wanaosimamia mchezo, yaani kuchangishana pesa na kupeana kwa zamu, mmoja anapokea pesa za majirani na wauzaji wenzake kila wiki, anajua zamu ya nani, nani amechelewa na kwa sababu gani, na hakuna aliyewahi kukosa zamu yake. Huyo ameaminiwa mali ya watu mwaka baada ya mwaka, na hesabu zake hutolewa bila kudaiwa. Katika nyingi ya nyumba hizi yeye ni mmoja wa wale mabinti watatu. Sioni kwa nini msimamizi mwingine atafutwe kabla hajaulizwa yeye.