Nani Anamdai Marehemu?

Obama alipotangaza kwamba Osama bin Laden, kiongozi wa kundi la al-Qaida, ameuawa Abbottabad, Pakistan, huku Arusha ilikuwa yapata saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumatatu tarehe 2 Mei 2011. Washington ulikuwa bado usiku wa Jumapili. Haukupita muda vijana wakajaa mbele ya Ikulu ya Marekani na bendera, wengine wamekwea miti na nguzo za taa. New York nako watu walikusanyika pale yalipokuwa majengo pacha, yaliyoangushwa na watu wake mwaka 2001. Wengi wa vijana wale walikuwa wanafunzi wa vyuo. Mwaka 2001 walikuwa watoto wa shule.

Siwalaumu kwa kufurahi. Mtu aliyekulia katika hofu akisikia chanzo chake kimeondoka, lazima ashushe pumzi. Nasi tumo katika habari hii, maana kundi lake lilitupiga pia. Tarehe 7 Agosti 1998 lori la Nissan Atlas lililosheheni baruti lililipuka nje ya ubalozi wa Marekani Dar es Salaam, likaua watu 11. Nairobi, asubuhi hiyohiyo, walikufa 213. Mfiwa wa Dar au Nairobi aliyetabasamu siku ile alikuwa na haki yake, na sioni nani wa kumnyooshea kidole.

Kinachonikwaza ni ngoma juu ya maiti. Uchagani, hata akifa mtu aliyeusumbua ukoo mzima, kaburi linachimbwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, rambirambi zinatolewa, watu wanakuja. Wasifu wake utakuwa mfupi, na kila mtu anaelewa kwa nini. Ila lipo tangazo moja lisilorukwa, kwa Wakristo na kwa Waislamu: anayemdai marehemu, au anayedaiwa naye, ajitokeze aonane na familia. Tangazo hilo nalithamini kuliko hotuba zote za msibani, kwa sababu linakiri kwamba kufa hakufuti deni.

Bin Laden alizikwa kabla ya saa 24 kupita. Maofisa wa Marekani walieleza kwamba aliogeshwa, akavikwa sanda nyeupe, akasomewa dua, kisha akateremshwa baharini kutoka manowari ya USS Carl Vinson. Tangu mwaka 1998 alikuwa mshtakiwa katika mahakama ya New York, na hati yake ya mashtaka iliwabeba marehemu wetu 11. Tarehe 17 Juni 2011 mashtaka hayo yakafutwa rasmi, maana mfu hashtakiwi. Wadai wa Dar hawakuulizwa lolote, na sidhani kama waliocheza barabarani walijua kwamba wadai hao wapo.

Sasa tazama waliokamatwa wakiwa hai kwa mlipuko ule wa Dar. Khalfan Khamis Mohamed, Mzanzibari, alikamatwa Cape Town mwaka 1999, akahukumiwa kifungo cha maisha New York mwaka 2001. Ahmed Ghailani, naye wa Zanzibar, alikamatwa Pakistan mwaka 2004. Mwaka 2010 alitiwa hatiani kwa shtaka moja tu kati ya zaidi ya 280, na hilo liliwauma wengi, ingawa nalo lilitosha kumpa maisha gerezani. Lori lilivyonunuliwa, mitungi ya gesi ilivyopatikana, nyumba iliyotumika: mambo hayo yaliwekwa wazi mbele ya jaji, shahidi mmoja baada ya mwingine, huku wakili wa mshtakiwa akiwabana kwa maswali.

Arusha tuna sababu ya kulielewa hili kuliko miji mingi. Mwaka uleule wa 1998 kulikuwa na njia mbili za kushughulika na waliotenda mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994. Tarehe 24 Aprili watu 22 walipigwa risasi hadharani huko Rwanda, akiwamo mwanasiasa Froduald Karamira katika uwanja wa Nyamirambo, Kigali, na maelfu walikwenda kutazama. Tarehe 2 Septemba, hapa katika jengo la mikutano la kimataifa, AICC, Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba nchini Rwanda, akawa mtu wa kwanza kutiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari na mahakama ya kimataifa. Hati yake ya awali haikuwa na neno juu ya ubakaji. Shahidi mmoja aliugusia kizimbani, majaji wakauliza zaidi, na mwaka 1997 hati ikabadilishwa. Hukumu ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Akayesu angekuwa amepigwa risasi kichakani mwaka 1994, mimi naamini wanawake wa Taba wasingepata siku ile.

Njia hiyo ya mahakama ni ndefu na inachosha. Mahakama hiyo ya kimataifa kuhusu Rwanda ilikaa tangu 1995 hadi 2015, ikawafungulia mashtaka watu 93, ikawatia hatiani zaidi ya 60, na 14 wakaachiwa huru. Théoneste Bagosora, aliyekuwa kanali wa jeshi la Rwanda, alipewa kifungo cha maisha mwaka 2008, na rufaa ikaipunguza adhabu kuwa miaka 35. Ninaelewa kabisa manusura anayesema bora wangekufa tu.

Lakini tazama kibaka anapokamatwa sokoni. Linakuja tairi, inakuja petroli, watu wanapiga makofi. Anayenunua simu zilizoibiwa yuko dukani kwake anasikia kelele, na pengine ndiye anayeshusha pumzi kuliko wote, kwa kuwa aliyeweza kumtaja amekwisha.

Mei 2022 waendesha mashtaka wa taasisi iliyorithi kazi ya mahakama ile, yenye tawi pale Lakilaki, Arusha, walitangaza kwamba wamempata Protais Mpiranya, aliyekuwa kamanda wa kikosi cha ulinzi wa rais wa Rwanda. Alikuwa amefariki Harare tangu 2006, akazikwa kwa jina lisilo lake. Alikuwa anashtakiwa, pamoja na mengine, kwa mauaji ya Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana na askari kumi wa Ubelgiji waliotumwa kumlinda. Faili lake limefungwa bila shahidi hata mmoja kumtazama usoni. Pale kaburini, kwa karibu miaka 16, hata wa kuuliza nani anamdai asingejua amuulizie nani.