Vyuma vya bunduki ya gumegume: chuma kizee ruksa, chuma kichanga hapana

Watu wengi wanaojitengenezea bunduki ya gumegume kwa mkono, hasa zile ndefu za Pennsylvania ambazo wengine wanaziita za Kentucky, wanaanzia pabaya. Mtu anafungua katalogi anaona mtambo mzuri, yaani ile sehemu ya kufyatulia yenye jiwe la cheche, anaagiza, anaona bamba zuri la kitako anaagiza, vinyota vya fedha anaagiza, halafu ndo anakaa kujiuliza hivi hii bunduki yangu ni ya mwaka gani? Mi naona kwanza uchague mji na kipindi, tuseme Lancaster huko Pennsylvania, Marekani, miaka ya 1780, alafu kila chuma kinachotaka kuingia kwenye mbao kijieleze kilifikaje pale.

Kwa ambao hawajawahi kuzishika, ni bunduki ya kushindilia mdomoni kama gobole la kijijini, ila ndani ya mtutu kuna mifereji inayoizungusha risasi. Mafundi wake wa kwanza wengi walitoka nchi za Kijerumani, kwa mfano Jacob Dickert alizaliwa Mainz mwaka 1740 akafanya kazi Lancaster mpaka akafa mwaka 1822. Walikuja na mfano wa bunduki fupi nene ya kuwindia, huku Pennsylvania taratibu ikarefuka na kukonda.

Sasa mtambo. Hapa ndo pa kutumia muda mwingi na hela nyingi, maana mtambo unasema mwaka kabla ya kitu kingine chochote. Na usione aibu kununua, wale mafundi wenyewe wengi walikuwa wananunua mitambo kutoka Ulaya, kwanza ile ya Kijerumani na ya Kiingereza, na baada ya vita vya uhuru wa Marekani kuisha mwaka 1783 ikamiminika ya Kiingereza, ile ya kina Ketland wa Birmingham inaonekana kwenye bunduki nyingi sana za wakati huo. Angalia ile springi inayobana bamba la chuma ambalo jiwe linaligonga kutoa cheche. Ukikuta pale kuna kigurudumu kidogo cha kupunguza msuguano ujue hicho ni kitu cha mwishoni mwa miaka ya 1700. Kigurudumu hicho kwenye bunduki unayosema ni ya 1765 kinaniumiza macho kweli, hata kama kazi nyingine yote umeifanya vizuri.

Kisanduku cha kitakoni ni habari nyingine. Kile ndo cha kuwekea vitambaa vya mafuta vya kufungia risasi, na tofauti na mtambo, hiki fundi alikikata mwenyewe pale karakanani kwa bamba la shaba ya manjano, kwa hiyo kila eneo likawa na umbo lake. Bunduki za mwanzo nyingi zilikuwa na kifuniko cha mbao tu kinachoteleza, baadaye ndo kikaja cha shaba chenye bawaba, na Lancaster kichwa cha shaba kilichochongwa kama ua kikawa kama saini ya mji. Ukiweka ua la Lancaster kwenye kitako chenye umbo la bonde la Lehigh, eneo jingine la Pennsylvania, umetengeneza bunduki isiyo na kwao. Vilevile bamba la kitako, la zamani ni pana, karibu sentimita 5, na halijapinda sana, la miaka ya 1810 na kuendelea ni jembamba limepinda kama mwezi mchanga. Hilo halibadilishiki baadaye kwa sababu mbao yote inachongwa kulifuata.

Kuna utetezi mmoja nausikia kila mara, kwamba aah, mafundi wa zamani walikuwa wanaokoteza vyuma vya bunduki zilizovunjika, kwa hiyo kuchanganya ni ruksa. Ni kweli waliokoteza, na bunduki za namna hiyo zipo na ni nzuri sana. Lakini fikiria kidogo, fundi wa 1780 anaweza kung'oa mtambo wa bunduki ya miaka ya 1740 akaufunga, hawezi kufunga mtambo ambao haujabuniwa bado! Umri unakwenda upande mmoja tu. Kila ninayemwona anatumia utetezi huu kachanganya kwa upande usiowezekana.

Mfano mbaya kuliko yote ni ile fedha ya Kijerumani. Jina fedha ila ndani hamna fedha, ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, na Ulaya kwenyewe ilianza kuuzwa miaka ya 1820. Katalogi zimejaa vinyota na vimwezi vyake na watu wanavipachika kwenye bunduki ya wakati wa George Washington. Zamani walifua sarafu za fedha, na wewe kipande kidogo cha fedha halisi utakimudu, kwanza inafuliwa kirahisi. Au acha mbao ikae wazi, mbao ya mti wa mepo yenye mawimbi inajitosheleza kabisa.

Skrubu nazo, tafadhali. Mfereji mmoja mwembamba uliokatwa kwa mkono, basi. Ile ya nyota ni ya miaka ya 1930.

Na kama hela ni ndogo, dawa sio kununua shaba ya bei rahisi ya kipindi kisichojulikana. Nenda kwenye bunduki za wakulima wa Pennsylvania, zipo zisizo na kisanduku wala bamba la kitako, mbao tupu. Au nenda milimani Tennessee na North Carolina, kule miaka ya 1800 walipenda vyuma vyeusi badala ya shaba, na vile unaweza kuvifua mwenyewe ukiwa na moto, nyundo na tupa. Kabla hujafua kipige picha kile cha asili, ukipita karibu na Nazareth ya Pennsylvania kuna jumba la makumbusho la bunduki hizi pale Jacobsburg, na ukiruhusiwa kupima, pima na unene, maana vyuma vingi vya kuagiza vinakuja vinene na vinatakiwa kupigwa tupa sana ndo vifanane na vya zamani.