Ngitili ifungwe mpaka lini?

Toka Mwanza mjini mwezi wa tisa, pita Usagara, pita Misungwi, shika njia ya Kwimba. Kote ni vumbi na ng'ombe wanaolamba mabua. Mara, nyuma ya uzio wa minyaa, unaona nyasi za rangi ya asali zimesimama hadi kiunoni. Hiyo ndiyo ngitili: malisho ambayo Wasukuma huyafunga mvua zikianza, wakayafungua kiangazi kwa ajili ya ndama, maksai wa kulimia na ng'ombe wanaokamuliwa.

Siku hizi ngitili ina ugomvi wake. Wataalamu wanaopita vijijini wanasema: fungeni kabisa, msichome, msiingize mifugo, miti irudi. Wafugaji wanajibu kwamba ngitili isiyoliwa hufa. Nimesikiliza pande zote mbili, na nikiri mapema kwamba sijakaa katikati.

Wanaotaka kufunga wana ushahidi mzito, tena wa hapo jirani. Shinyanga ilikaribia kuwa jangwa. Enzi za mkoloni vichaka vilifyekwa ili kuwamaliza mbung'o, baadaye pamba ikala ardhi, na miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijijini wakaziacha ngitili zao nyuma. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimefika mamia ya maelfu ya hekta, na sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kuiacha ardhi ipumzike, visiki vichipue vyenyewe. Huwezi kubishana na hilo.

Lakini kupumzika si kulala. Mti hukua kwa ncha. Nyasi huchipua chini kabisa, karibu na udongo, ndiyo maana ng'ombe akikata juu nyasi haifi. Isipokatwa miaka mitatu, minne, mabua makavu hurundikana na kuliziba jua, machipukizi yakakosa mwanga, na mimea midogo ya maua ikapotea kwanza.

Niliona jambo hili kwa macho katika ngitili mbili zinazotenganishwa na kijia cha miguu. Mwenye ya kwanza alihamia Mwanza, wanawe hawataki ng'ombe, uzio haujafunguliwa kwa miaka. Sasa ni mitundulu mitupu, vichaka vya miiba. Nilijaribu kupenya nikarudi na shati limechanika, na chini ya ile miiba udongo ulikuwa mtupu kama uwanja wa kupigia mpunga. Ya pili ni ya mzee ambaye ameigawa mafungu matatu na kuyafungua kwa zamu, ndama wakitangulia. Humo nilihesabu aina saba za nyasi kabla ya kupoteza hesabu, na kware wakaniruka miguuni mara mbili.

"Mwanangu," mzee aliniambia, "nyasi ni kama nywele. Zisiponyolewa zinaleta chawa."

Ni maneno matamu, ila hayatoshi. Tazama Serengeti, ambayo ukanda wake wa magharibi unashuka hadi geti la Ndabaka, karibu kabisa na ziwa. Ugonjwa wa sotoka ulipodhibitiwa kwenye ng'ombe, nyumbu waliongezeka kutoka kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Walikula nyasi, moto ukakosa cha kuunguza, na miti ikaongezeka. Kumbe midomo mingi nayo huleta miti! Ng'ombe wakizidi katika ngitili, nyasi huisha, moto haupiti, mitundulu hupata nafasi. Njia tofauti, kichaka kilekile.

Kuna ndege anayeziumbua pande zote mbili, wanaofunga na wanaofungua. Ni kasuku mdogo wa kijani mwenye uso wa rangi ya chungwa, anayeitwa kwa jina la Mjerumani Fischer, na kwao asili ni huku kusini mwa ziwa. Miaka ya 1980 alinaswa kwa wingi akauzwa nje. Anakula mbegu za nyasi ardhini, lakini anataga katika matundu ya miti mikongwe. Mpe kichaka kitupu, atakosa chakula. Mpe uwanda mtupu, atakosa nyumba.

Kwa hiyo naegemea kwa mzee, kwa masharti. Moto, kama lazima, uwe wa mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu; ule wa Septemba na Oktoba huua hata miti iliyokwisha kupona. Na zamu inahitaji mtu wa kusema hapana. Zamani dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, ilitoza faini na sungusungu, walinzi wa kijiji, wakaifuatilia. Leo ng'ombe wa mbali wakiingia usiku, nani atawatoa? Tena tusiisifu ngitili kupita kiasi: kubwa ni za wenye ng'ombe wengi. Mjane asiye na ndama hununua nyasi za kuezekea kutoka kwa jirani yuleyule.

Wakati pande hizi zikizozana juu ya kufunga na kufungua, majaruba ya mpunga yanaingia. Mbuga ya udongo mweusi inatoa mpunga, na baada ya mpunga dengu, na vyote vina soko Mwanza. Nyasi zilizoliwa hurudi kwa mvua moja. Zilizolimwa zikageuzwa tuta hazirudi upesi hivyo, na sijaona mkutano wa kijiji ambapo mtu wa malisho alimshinda mtu wa mpunga kwa hesabu za pesa.

Fungu la tatu la mzee, lililo bondeni, mwanawe anayefanya kazi mjini analitaka kwa majaruba. Nilipomuuliza mzee atamjibu nini, aliokota bua akalitafuna kwanza. Alisema kijana atakuja mwezi wa kumi na moja, mvua zikianza, na yeye atampeleka bondeni wakaangalie pamoja kilichoota.