Kijitabu Kwanza, Diwani Baadaye

Diwani nyingi za Nairobi, yaani vitabu vya mkusanyiko wa mashairi, hufia kwenye maboksi. Mshairi hukusanya kila alichowahi kuandika, hata yale ya kidato cha pili, akakopa kwenye chama, akachapisha nakala 500, akafanya uzinduzi wenye keki na mgeni rasmi. Jamaa na marafiki hununua kwa kumwonea haya. Zilizobaki hukaa chini ya kitanda. Baadaye utamsikia akilalama kwamba Wakenya hawapendi ushairi.

Wanaupenda. Jioni za mashairi hujaa watu, na gazeti la Taifa Leo halijakosa wa kulitumia tungo. Kilichokosewa ni mpangilio: diwani imetangulizwa ilhali ilifaa ije mwisho. Maoni yangu ni kwamba mshairi aliyeanza kutambulika aandae kijitabu cha kurasa 32, akiuze papo hapo anaposoma, na kupitia hicho apate wenzake wa kazi: wanamuziki, wachoraji, watafsiri. Diwani ingoje.

Wachapishaji wakubwa hawawezi kukusaidia sana katika hatua hii, na si kwa ubaya. Wanaishi kwa soko la shule. Mswada wa mashairi usioelekea kuidhinishwa na KICD, taasisi ya mitaala ya shule, wanauona kuwa ni hasara kabla hawajaufungua.

Tuanze na jukwaa, maana ndilo linalochuja mashairi ya kuingia kitabuni. Ukipewa dakika 5, usiende na shairi la beti 15. Mshororo wa mizani 16, yaani silabi 16, ukisomwa kwa utulivu, na kituo kidogo kati ya ukwapi (nusu ya kwanza) na utao (nusu ya pili), huchukua sekunde 5 au 6. Ubeti wa tarbia, wenye mishororo minne, ni kama sekunde 24, kwa hiyo beti 10 zinakula dakika 4, na dakika inayobaki ni ya salamu, kichwa cha shairi na makofi. Ukighani kwa mahadhi, muda unakaribia kuwa maradufu, kwa hiyo pima beti 5. Wengi hawapigi hesabu hii. Matokeo yake ni kukimbiza mishororo ya mwisho, ambako ndiko walikoweka hoja yenyewe.

Hadhira ya Nairobi imezoea Sheng, Kiingereza na mashairi huru. Tarbia ya Kiswahili sanifu isiyo na kibwagizo, yaani mshororo unaorudiwa mwishoni mwa kila ubeti, huanza kuwapotea kwenye ubeti wa nne, si kwa sababu ni ngumu, ila kwa sababu hawana la kufanya. Wape kibwagizo kabla hujaanza, wakirudie mara mbili, kisha waachie waufunge kila ubeti. (Wanaodhani kibwagizo ni pambo la kizamani wajaribu hili mara moja tu.) Maiki ishike vidole vinne kutoka mdomoni na uielekeze pembeni kidogo, la sivyo kila P na B italipuka kwenye spika. Ukisomea simu, zima data na uongeze muda wa kioo kujizima. Karatasi bado ni bora: herufi za pointi 14, upande mmoja tu, kurasa zisibanwe pamoja.

Baada ya usomaji wa mara kadhaa utajua ni mashairi gani yanayoombwa tena. Hayo ndiyo ya kijitabu. Yaliyopokelewa kwa makofi ya adabu yaache nyumbani.

Kijitabu chenyewe ni karatasi 8 za A4 zilizokunjwa katikati, zikabanwa kwa pini mbili mgongoni: kurasa 32 za A5. Ukurasa wa 1 ni jina la kitabu, wa 2 haki na mawasiliano, wa 3 yaliyomo, wa 32 ni wa kueleza maneno magumu. Kurasa za 4 hadi 31 zinabaki kwa mashairi, na hapo zinaenea tungo 14, kila moja ikianzia upande wa kushoto, yaani kwenye ukurasa wenye namba shufwa, na kumalizikia kulia. Msomaji aone shairi zima bila kufunua. Kwa herufi za pointi 11 na pointi 14 kutoka mstari hadi mstari, A5 hubeba mistari 34 hivi. Ubeti wa tarbia na mstari wake mtupu ni mistari 5, kwa hiyo beti 6 zinakaa chini ya kichwa na beti 6 nyingine upande wa pili. Shairi la beti 12 linaingia sawasawa. La beti 13 litakuvurugia kitabu kizima, nalo mara nyingi lina ubeti mmoja wa kukatwa.

Kinachoharibu zaidi ni kupeleka kazi kwa mpiga chapa ikiwa faili la Word. Kompyuta yake haina fonti yako, inaweka nyingine pana zaidi, mshororo unakatika na neno la mwisho linadondokea mstari wa chini. Kina, yaani silabi ya mwisho inayofanana na za mishororo mingine, kimetengwa na mwenzake. Peleka PDF yenye fonti ndani, ukurasa mmoja mmoja kwa mfuatano wa kawaida, umwachie yeye kuzipanga kwa ajili ya kukunja. Acha ukingo wa angalau milimita 15 upande wa nje, kwa sababu kurasa za katikati husogea nje zikikunjwa, na mashine ikikata ukingo inaweza kuondoka na namba za kurasa. Jalada la karatasi ya gramu 250 lipigwe alama ya mkunjo kabla ya kukunjwa, vinginevyo rangi hupasuka mgongoni. Ndani, gramu 80 inatosha, ingawa gramu 100 huzuia maandishi ya nyuma kuonekana.

Daima dai nakala moja ya majaribio, uisome kwa sauti huku ukihesabu mizani kwa vidole. Simu na kompyuta zina tabia ya kusahihisha Kiswahili zikidhani ni Kiingereza kibovu. Irabu moja ikianguka, mizani 8 zinakuwa 7, na mjuzi wa arudhi, yaani kanuni za utunzi, ataliita shairi guni, lenye kasoro, bila kujua kwamba aliyelivunja ni mashine.

Kwa nakala 100, uchapaji wa dijitali ndio wenye nafuu. Ofseti ina gharama ya sahani za kuchapia ambayo hailipi mpaka ufikie nakala mia kadhaa. Zunguka kwa wapiga chapa watatu wa River Road na Eneo la Viwanda ukiwa na maelezo yale yale kwa maandishi, kwani bei za mdomo hazilinganishiki: mmoja kahesabu jalada la rangi, mwingine hajahesabu. ISBN inatolewa na Maktaba ya Kitaifa, KNLS. Ichukue, ijapokuwa maduka hayatakufaa sana kwa sasa. Duka la vitabu kwa kawaida hutaka theluthi ya bei au zaidi, hulipa baada ya kuuza, na kitabu cha pini hakina mgongo wa kuandikwa jina, hivyo kikiwekwa rafuni hakionekani tena. Soko lako ni meza iliyo karibu na mlango wa kutokea. Weka bei isiyohitaji chenji, na namba ya M-Pesa ya Till au Pochi la Biashara iandikwe kwa herufi za kuonekana kutoka hatua tatu.

Jambo moja la kuangalia: mashindano mengine ya miswada hukataa mashairi yaliyokwisha kuchapishwa popote, hata kwenye kijitabu au ukurasa wa Facebook. Soma masharti kwanza. Kama una utenzi mrefu unaoutegemea, usiuguse.

Sasa ushirikiano, ambako washairi wetu huumia kimya kimya. Mwanamuziki akikutaka mfanye kazi pamoja, jueni kwanza kama shairi linaingia kwenye mdundo. Tarbia ina bahati hapa: mizani 8 za ukwapi hukaa kwenye mapigo 4, mizani 8 za utao kwenye mapigo 4 mengine, na ubeti mzima ni mapigo 32. Kwa kasi ya mapigo 90 kwa dakika, ubeti ni kama sekunde 21, na beti 12 zinafika dakika 4 na sekunde 16 bila ala kupumua. Prodyusa hatakubali, na ana haki. Chagua beti 5, fanya kibwagizo kiwe kiitikio, na uache mapigo 4 matupu baada ya kila ubeti. Mshairi asiyezoea hukimbilia mbele ya mdundo kwa kuogopa ukimya huo.

Kabla ya kuingia studio, andikeni ukurasa mmoja. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001, maneno ni yako tangu yalipoandikwa, uhai wako wote na miaka 50 baada ya kufa, na kuyahamishia kwa mtu au kumpa leseni ya pekee hakuna nguvu mpaka kuwe na maandishi yaliyotiwa saini. Wengi hukumbuka nusu ya kwanza tu, kisha wanatia saini karatasi ya studio bila kuisoma. Ukurasa wenu utaje mwenye maneno, mwenye muziki, mwenye rekodi, asilimia za kila mmoja zikijumlika 100, nani anaruhusiwa kuipandisha YouTube na jina la nani linatangulia. Nusu kwa maneno na nusu kwa muziki ni mahali pazuri pa kuanzia mazungumzo. Rekodi ijadiliwe peke yake, kwa sababu mara nyingi kuna aliyeilipia. Kusajili kazi KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, si sharti la kuwa na haki, lakini ni ushahidi mwepesi siku mambo yakiharibika.

Kwa mtafsiri, kubalianeni mapema: tafsiri nayo ina mwenyewe, na hutaweza kuichapisha tena bila yeye. Kwa mchoraji wa jalada, bainisheni kama umenunua mchoro au ruhusa ya kuutumia kwenye kijitabu hiki tu.

Mikahawa mingi haitakulipa, ila itakuruhusu kuweka meza. Taasisi kama Alliance Française na Goethe-Institut zina taratibu za ofisi: barua ya maombi miezi kabla, bajeti, na ankara. Kuwa na PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, na ujifunze kutoa ankara ya eTIMS, mfumo wake wa ankara za kielektroniki, maana mhasibu hawezi kukusubiri ujisajili. Mrabaha, yaani malipo ya kazi yako kutumiwa, hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5, na ada ya kitaalamu vilevile ikifika shilingi 24,000 kwa mwezi. Ukilipwa pungufu kwa sababu ya kodi hiyo, usigombane na mtu. Omba cheti cha makato, ukihifadhi hadi Juni unapowasilisha ritani, kwani kilichokatwa huhesabiwa kuwa umekwisha kukilipa.