Jamani sijalipuka: ukweli kuhusu ile risasi yangu

Naona rafiki yangu Mangi ameshaniwahi. Tangu jana jioni kundi la Watanzania wa Houston linasambaza sauti yake, anasimulia huku anahema kwamba bunduki imenipasukia na nimekimbizwa hospitali. Wadau, niko sebuleni nakunywa chai. Hakuna kilichopasuka. Aliyepasukiwa na bunduki angalau anapewa pole. Mimi nimeambulia kuchekwa na mtoto wa darasa la pili, tena kwa Kiingereza.

Kwa mliojiunga juzi: ndiyo, risasi natengeneza mwenyewe. Hapa Texas ni jambo la kawaida, gereji za mtaani kwangu zimejaa hizo mashine. Unachukua ganda lililokwisha kupigwa, unalirudisha kwenye umbo lake, unalitia fataki mpya kitakoni (kile kidude kinachowasha baruti), unapima baruti, unamimina, halafu unashindilia kichwa cha risasi juu. Alinifundisha jirani yangu mmoja, mstaafu wa visima vya mafuta, mimi namwita Mzee na yeye ameshazoea. Bunduki yangu inakula risasi za saizi ya .308 Winchester, na msimu wa paa unafunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Novemba, kwa hiyo mwezi huu wote nilikuwa najiandaa.

Sasa kwenye kuchagua baruti ndipo nilipojifanya profesa. Mama Neema ni shahidi, anasema yeye mwenyewe hakuchunguzwa namna ile kabla ya kutolewa posa.

Maana baruti si baruti tu. Kuna jedwali linazipanga kwa kasi ya kuungua. Za juu kabisa zinaungua haraka, ni za bastola na bunduki za marisau. Ukiitia mojawapo kwenye ganda kubwa la bunduki ndefu, presha inapanda kabla kichwa hakijasogea, na hapo ndipo stori ya Mangi ingekuwa ya kweli. Za chini zinaungua polepole, za maganda makubwa ya kuwindia wanyama wazito. Kwenye ganda dogo hazimalizi kuungua, zinabaki kama chenga ndani ya mtutu. .308 inakaa katikati. Na hata hapo katikati kuna ugomvi: za vijiti vifupi au za punje za mviringo? Za punje zinateleza vizuri kwenye kipimio. Za vijiti zinakwama kwama, inabidi upime ya kila risasi kwenye mizani, lakini nyingi kati ya hizo hazibadiliki sana joto likipanda au likishuka. Na Texas, mnaijua, mchana unakaangwa, alfajiri ya kuwinda unatetemeka.

Nikachagua Varget, ya vijiti, inatengenezwa Australia. (Msije inbox kuniomba namba. Kila kitabu cha baruti kina kipimo cha kuanzia na kipimo cha mwisho kwa kila kichwa, unaanza chini na kupanda kidogo kidogo huku unaangalia dalili za presha. Namba ya bunduki yangu si namba ya bunduki yako.)

Ila sababu iliyonifanya niichague, na hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu ndipo kisu kilipo, aliitoa Mzee. Aliniambia: "Mwanafunzi achague baruti inayolijaza ganda hadi karibu na shingo. Ukijisahau ukaitia mara mbili, itamwagika mezani utaiona. Usipoitia kabisa, utaona shimo."

Nilikipenda hicho kitu. Nilikirudia kwa kila mtu. Jana asubuhi pale uwanja wa shabaha nilikirudia kwa Mangi, kwa shemeji yake aliyekuja kutembea kutoka Dallas, na kwa baba mmoja wa meza ya jirani aliyekuja na mwanawe. Nilimwelezea yule baba kwamba greni ni kipimo kidogo mno, greni 7000 ndiyo ratili moja, na kwamba mizani yangu inasogea hata nikipumua karibu yake. Aliitikia kwa adabu. Mangi akasema, "Kaka, piga basi."

Nikapiga. Za mwanzo zikaenda safi, matundu yamekaribiana hadi shemeji akapiga makofi. Mangi akatoa simu arekodi.

Nikachukua inayofuata. Nakumbuka niliigeuza geuza kidogo ili kamera iione inavyong'aa. Nikaiingiza, nikafunga bolti, lile komeo la bunduki. Bega likakaa. Shavu likakaa. Nikavuta pumzi, nikaitoa nusu, msalaba wa darubini umetulia katikati ya karatasi, na mimi, Mungu anisamehe, nikasema kwa sauti: "Angalieni hii."

Pap.

Si PAA. Pap. Mlio wa mtu anayefungua soda chumba cha pili. Bega halikusukumwa hata kidogo, karatasi haikuguswa, na mimi mwili mzima nilikuwa nimejikaza kusubiri teke ambalo halikuja, kwa hiyo nikajirusha nyuma peke yangu. Video inaonyesha. Bunduki imetulia, mtu anayumba.

Mkono ukaenda kwenye bolti wenyewe. Msimamizi wa uwanja akapiga kelele niliyoisikia mpaka ndani ya vizuia kelele: "USIGUSE!" Akasimamisha meza zote. Watu wakaweka silaha chini, wakarudi nyuma ya mstari mwekundu, wamekunja mikono. Nikabaki mimi peke yangu nimekaa, mtutu umeelekea kwenye shabaha, mkono mmoja hewani kama nimeomba ruhusa ya kwenda chooni, tunasubiri dakika nzima. Inasubiriwa kwa sababu wakati mwingine baruti inakuwa inafukuta taratibu humo ndani, ukifungua inawakia usoni.

Dakika nzima, wadau. Hebu wekeni saa mjaribu. Nilisoma maandishi yote ya ukutani. Nilisikia shemeji akimuuliza Mangi, "Ndiyo inavyofanyaga?" Nilisikia mtoto akimuuliza baba yake kama bunduki ya huyu bwana ni ya kuchezea.

Msimamizi akaja, akafungua bolti kwa vidole viwili. Ganda likatoka. Kichwa hakikutoka. Akawasha tochi akachungulia: kimenasa mwanzoni mwa mtutu, fataki peke yake ndiyo ilikisukuma mpaka pale. Akanieleza kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko matusi kwamba kingesogea mbele kidogo zaidi, nami nikapiga nyingine nyuma yake, mtutu ungefunguka. Halafu akachukua ganda, akalipindua mezani. Kama baruti ingekuwa imegoma kuwaka, zingedondoka chenga zilizoshikamana za rangi ya njano. Haikudondoka hata moja. Akaligonga gonga. Hamna. Akalipuliza. Hamna.

Akaniuliza baruti iko wapi.

Mzee alikuwa meza ya mwisho, anafuta bunduki yake, hata hakugeuka. "Iko salama kwenye kopo lake, nyumbani kwake."

Jinsi ilivyokuwa ni hivi. Nilikuwa gerejini saa nne usiku, kwetu Moshi ni saa kumi na mbili asubuhi, na mama yangu akishatoka misa ya asubuhi au akiikosa, lazima apige. Nimeshapima, baruti iko kwenye kisahani cha mizani, simu ikaita. Tukaongea ya mvua, ya ng'ombe, ya shangazi ambaye hasalimiani na watu. Niliporudi mezani nikaona kisahani kina baruti, nikajiambia hii ni ya ziada, nikairudisha kwenye kopo kwa uangalifu mkubwa, bila kumwaga kijiti hata kimoja. Kisha nikachukua ganda lenye shimo ambalo hata kipofu angelipapasa, nikalishindilia kichwa.

Babu yangu kule kijijini alikuwa na gobore. Baruti anaipima kwa kifuniko, mizani hajawahi kuiona, na sijasikia hata siku moja kwamba alisahau kuitia.

Yaliyofuata ni mafupi. Fundi akakitoa kichwa kwa ufito kupitia mdomo wa mtutu, akanitoza, akacheka, kwa mpangilio huo. Zilizobaki zote nimezivunja usiku kwa ile nyundo ya plastiki ya kuvutia vichwa, gonga, gonga, mpaka Mama Neema akahamia chumba cha mtoto. Zote zilikuwa na baruti. Paa nitamfuata kwa risasi za dukani. Mangi, futa video.

Asubuhi hii mama kapiga. Shangazi yule yule ambaye hasalimiani na watu ameshapata ile sauti, sijui kwa njia gani, na amemwambia nimekatika mkono. Ikabidi nipige ya video, nimwonyeshe mikono yote miwili, mbele na nyuma, akahesabu vidole mwenyewe mpaka kumi. Alipotulia akataka kujua ilikuwaje. Nikamweleza kwamba simu iliita saa nne usiku nikiwa kazini, nikapoteza hesabu.

Akanyamaza kidogo. "Na huyo anayekupigia saa nne za usiku, una mke na watoto ndani, ni mwanamke gani?"

Nikamwambia mtandao unakata.