Waogiek na Msitu wa Mau: hukumu ipo, hatimiliki itoke kwa jina la nani?

Tarehe 26 Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba serikali ya Kenya ilivunja haki za Waogiek, jamii ya wawindaji na warina asali, ilipowatoa katika Msitu wa Mau. Miaka mitano baadaye, tarehe 23 Juni 2022, mahakama hiyohiyo ikakadiria fidia: shilingi milioni 57.85 kwa hasara ya mali na milioni 100 kwa machungu. Likafuata agizo zito kuliko fedha: ndani ya miaka miwili ardhi ya mababu zao itambuliwe kwa kushauriana nao, ipimwe, iwekewe mipaka, na hatimiliki itoke kwa jina la jamii nzima. Juni 2024 ikafika, ikapita. Tena kabla muda huo haujaisha, Novemba 2023, askari walikuwa wamerudi Sasimwani, upande wa Narok, wakabomoa nyumba.

Ukiishia hapo, serikali haina la kujitetea. Lakini hoja inayo, na si ndogo, nayo ni maji. Mto Mara unaanzia Mau, unapita Maasai Mara na Serengeti, unamwaga Ziwa Viktoria upande wa Tanzania. Mto Njoro unalisha Ziwa Nakuru. Sondu unazungusha mitambo ya umeme. Mtu akifyeka mteremko wa juu apande viazi, anayeumia ni mvuvi na mfugaji walio mbali, wasiomjua hata kwa jina. Serikali ikikabidhi chanzo cha maji kama hicho kwa jamii yoyote bila masharti, itakuwa imezembea.

Ila hoja hiyo inataka msemaji mwenye mikono safi. Mwaka 2001 ni serikali yenyewe iliyoumega msitu kupitia gazeti rasmi: zaidi ya hekta 35,000 Mau Mashariki na zaidi ya hekta 22,000 Mau Kusini Magharibi. Mipango ya makazi iliyosemekana ni ya kuwasaidia wasio na ardhi, Waogiek wakiwemo, iliwafaidi wengine pia, na orodha ya wenye mashamba iliyotolewa 2009 ilikuwa na majina ya vigogo. Oktoba mwaka huohuo Waogiek wakapewa ilani ya siku 30 wahame. Huko Arusha, Kenya ilipotakiwa kuonyesha kwamba Waogiek ndio walioharibu Mau, haikuwa na ushahidi wa kutosha. Ungetoka wapi?

Hoja ya pili ya serikali husikika zaidi barazani kuliko mahakamani: Waafrika sote ni wenyeji, na Waogiek wa leo wanafuga ng'ombe, wanalima, wameoana na Wakipsigis na Wamaasai, basi utawatenga vipi? Swali hili silidharau. Sensa ya 2009 ilihesabu Waogiek 78,691, ya 2019 ikahesabu 52,596. Watu 26,000 hawapungui hivyo katika miaka kumi bila vita wala tauni. Kilichobadilika, kwa maoni yangu, ni jina ambalo mtu humtajia karani wa sensa, na jina hilo hutegemea lina faida au lina hatari gani mwaka huo. Lakini kuchanganyika huku nako kuna historia yake. Tume ya Carter, ile ya ardhi ya mwaka 1932 hadi 1934, ilipendekeza "Wandorobo", kama walivyoitwa kwa neno la Kimaasai la watu wasio na ng'ombe, wahamishiwe katika hifadhi za makabila jirani. Serikali ya kikoloni iliwasukuma kwa majirani, na leo ujirani huo unatolewa kama ushahidi dhidi yao.

Katiba ya 2010 nayo imeacha fundo. Kifungu cha 63 kinasema ardhi za mababu na zile zilizokaliwa kiasili na jamii za wawindaji na wakusanyaji ni ardhi ya jamii. Kifungu cha 62 kinasema misitu ya serikali na vyanzo vya maji ni ardhi ya umma, isipokuwa misitu ya jamii inayotajwa katika kijifungu cha kwanza cha orodha ileile ya 63. Wawindaji wamo katika kijifungu cha pili, ambacho hakikutajwa humo. Hapo ndipo mawakili wanapopatia ugali wao.

Kwangu mimi uzito wa kesi hii uko kwenye mzinga. Mzinga wa Kiogiek ni gogo lililopasuliwa, mara nyingi la mtarakwa, likachimbwa ndani, likafungwa tena na kutundikwa juu ya mti. Maua hayachanui pote kwa wakati mmoja: ya chini yana msimu wake, ya juu yana wake. Ndiyo maana eneo la ukoo lilikuwa ukanda mrefu unaopanda mlima, ili mwaka mzima usikose asali. Sasa mpe mtu huyo kipande cha mraba cha ekari tano na hati yenye jina lake. Hapo umeshampa shamba la viazi, na dhiki ikimbana ataliuza. Mau Mashariki hayo tumeshayaona. Wapo Waogiek wanaozitaka hati za mtu mmoja mmoja, kwani benki haikopeshi ukoo, nami siwezi kuwaambia wamekosea. Ila ukiwa na ekari tano huwezi kudai tena ukanda ule.

Wahadzabe, wawindaji wa Yaeda Chini, Mbulu, nchini Tanzania, mara nyingi hutolewa mfano. Mwaka 2011 walipata hati ya kimila ya pamoja ya zaidi ya hekta 20,000, na sasa pori lao linaingiza fedha za hewa ukaa, yaani malipo ya kuitunza miti inayofyonza hewa hiyo. Tanzania ilifanya hivyo bila kukubali kwamba ina "wenyeji asilia" wa peke yao. Mfano ni mzuri, lakini ardhi ile ilikuwa ya kijiji, haikuwa msitu wa hifadhi. Kazi ya Kenya ni ngumu zaidi.

Ngumu, ila inafanyika. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka daftari la wanajamii na kamati ya watu 7 hadi 15, na ardhi haiuzwi mpaka theluthi mbili ya wanachama wakubali. Ongeza masharti ya maji na miti ndani ya hatimiliki, nayo hoja ya kwanza ya serikali imepata jibu. Kinachobaki ni daftari lenyewe. Binti wa Kiogiek aliyeolewa Bomet anaandikwa? Mkipsigis aliyehamia Nessuit kwa ndoa, akajenga na kuzaa huko, je? Majibu hayo hayatatoka Arusha. Yatatolewa na wazee na vijana wa Mariashoni, Nessuit na Sasimwani siku maafisa wa ardhi wa Nakuru na Narok watakapowafungulia ukurasa wa kwanza.